Kuingia Si Kufaa: Spea Mbadala za Mfumo wa Cheche kwenye Gari la Zamani

Wazee wetu, akina mama, mafundi wenzetu mliotoka Grogan, Kariobangi na Industrial Area, nanyi vijana mnaojifunza kazi, hamjambo.

Leo tunazungumzia cheche, na hasa tatizo ambalo kila mwenye Peugeot 404, Datsun 1200, Land Rover ya zamani au Volkswagen Beetle hapa Nairobi analijua: spea ya asili haipatikani, au ikipatikana haina uhakika. Unashuka Kirinyaga Road, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, muuzaji anapekua boksi, anakutolea kontakti, ile swichi ndogo ya kukata umeme wa cheche, za gari jingine na kukwambia, "Hii inaingia." Kweli inaingia. Injini inawaka. Jioni kwenye foleni ya Waiyaki Way injini inazima, na ikisha kupata moto haiwaki tena mpaka ipoe.

Lawama huangukia spea mbadala. Sisi tunasema spea mbadala haina kosa. Kosa ni kwamba hakuna aliyeipima. Kila kifaa cha mfumo wa cheche kina namba yake: koili ina omu, kondensa ina maikrofaradi, kontakti zina mwanya na digrii, distribuita, kifaa cha kugawa cheche kwa silinda, ina kiasi cha kuwahisha cheche. Namba zikikubaliana, spea ya Toyota itaendesha gari la Uingereza miaka na miaka. Zisipokubaliana, hata spea iliyo ndani ya boksi lenye jina kubwa itaungua. Kwa hiyo kabla ya spana, tafuteni vitu vinne: mita ya umeme yenye uwezo wa kupima maikrofaradi, fila (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), taa ya taimingi (inayomulika cheche inapopigwa), na daftari.

Tukumbushane kazi yenyewe kwa ufupi. Umeme wa betri unapita kwenye waya mnene wa koili, unapita kontakti zikiwa zimefungana, unaishia kwenye bodi. Hapo koili inajaa nguvu ya sumaku. Kemu ya distribuita inapofungua kontakti, umeme unakatika ghafla, sumaku inaporomoka, na waya mwembamba ulio ndani ya koili unatoa maelfu ya volti kwenda kwenye plagi. Upande wa waya mnene nao unaruka hadi volti 250 mpaka 400 kwa kitambo kidogo sana. Shikeni hiyo namba, tutaihitaji tukifika kwenye kondensa.

Tuanze na koili, kwa sababu ndiyo inayobadilishwa ovyo kuliko zote. Koili zote za mviringo zinafanana kwa macho. Kwa mita ni vitu tofauti kabisa. Weka mita kwenye omu, gusisha ncha zake mbili kwanza uone zenyewe zinasoma ngapi, kwa kawaida 0.2 hadi 0.4, kisha uitoe hiyo kwenye kila kipimo. Pima kati ya chanya na hasi ya koili. Ukipata karibu omu 3, hiyo ni koili ya volti 12 kamili, isiyohitaji kitu kingine. Ukipata karibu 1.5, hiyo ni koili inayofanya kazi pamoja na rezista ya nje, ile ya kauri nyeupe, ambayo nayo ina karibu omu 1.5. Ukipata chini ya 1, hiyo imetoka kwenye gari la mfumo wa kielektroniki, na kontakti haziiwezi.

Fanyeni hesabu wenyewe. Injini ikizunguka, umeme wa gari ni karibu volti 13.8. Gawanya kwa 3, unapata ampea 4.6, mzigo ambao kontakti zinaubeba bila taabu. Gawanya kwa 1.5 bila rezista, unapata ampea 9.2, na kontakti zinageuka samawati kisha nyeusi. Gawanya kwa 0.6, ni ampea 23, na hapo hamfiki mbali. Ndiyo maana gari linawaka vizuri asubuhi baada ya kubadilishwa koili, halafu kontakti zinakufa siku hiyo hiyo na watu wanailaumu kondensa.

Kosa lililo kinyume cha hilo ni kuweka koili ya omu 3 kwenye gari ambalo tayari lina rezista. Cheche inakuwa dhaifu, injini inakosakosa moto ukipanda mlima. Na rezista haionekani kila mara. Kwenye baadhi ya Ford Escort ni waya wenyewe uliofichwa ndani ya kifurushi cha nyaya. Namna ya kujua ni rahisi: zungusha injini mpaka kontakti zifungane, washa ufunguo bila kupiga stata, pima volti kwenye chanya ya koili. Ukisoma kati ya 6 na 9, kuna rezista mahali. Ukisoma karibu sawa na betri, hakuna. Usiache ufunguo hivyo zaidi ya dakika moja, koili inachemka bure.

Tazameni pia mwelekeo wa umeme. Gari nyingi za Uingereza zilizoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zilikuwa na chanya kwenye bodi, na nyingi zimegeuzwa baadaye bila waya za koili kugeuzwa. Koili iliyofungwa kinyume inafanya kazi, lakini plagi inahitaji volti nyingi zaidi kupiga cheche, na dalili yake ni kukosa moto unapobonyeza mafuta kwa nguvu. Kwenye gari lenye hasi kwenye bodi, hasi ya koili ndiyo inayokwenda kwenye distribuita. Koili za Lucas za zamani hazina alama za chanya na hasi. Zimeandikwa SW upande wa swichi na CB upande wa kontakti, na herufi hizo ziliwekwa kwa kufuata gari la chanya kwenye bodi. Ukiifunga kwenye gari la hasi kwenye bodi, herufi unazigeuza.

Sasa kondensa, na hapa tutakaa kidogo.

Kondensa ndiyo spea mpya inayokufa mapema kuliko zote siku hizi. Kipimo chake kwa magari mengi ya silinda nne ni maikrofaradi 0.20 hadi 0.25. Kazi yake ni kumeza ule umeme wa volti 250 hadi 400 wakati kontakti zinafunguka, ili usiruke kwenye mwanya na kuzichoma. Ikifa, ukifungua kifuniko na kuzungusha injini utaona cheche kubwa ya samawati kwenye kontakti, na cheche ya plagi imekuwa ya njano, nyembamba, au haipo. Nyingi hufa zikipata joto. Ndiyo maana gari linazima kwenye foleni na kuwaka tena baada ya nusu saa.

Mbadala wake hauko Grogan. Uko Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vipuri vya redio na televisheni. Omba kapasita ya filamu iliyoandikwa 224J na 630V. Hizo namba 224 maana yake ni maikrofaradi 0.22, J ni kwamba haikosei zaidi ya asilimia 5, na 630 ni volti inazovumilia. Usikubali ya volti 250 hata ukiambiwa betri ni 12 tu, mmeshasikia volti zinazoruka pale ni ngapi. Usikubali ile ya duara yenye majimaji ya kemikali ndani, yenye alama ya chanya na hasi, hiyo si ya kazi hii.

Kuitengeneza ni hivi. Kata vipande viwili vya waya laini wa nyuzi nyingi, unene wa milimita moja ya mraba. Solda kila kimoja kwenye mguu wa kapasita, miguu ikiwa imekatwa mifupi, maana mguu mrefu unatikisika na kukatika. Mwisho wa waya mmoja weka pete ya kuingia kwenye hasi ya koili, wa pili pete ya kuingia kwenye boliti ya mshikio wa koili. Kwarua rangi chini ya boliti hiyo mpaka chuma kionekane, kwa sababu kondensa isiyo na mguso mzuri wa bodi ni sawa na kondensa isiyokuwepo. Vika mpira wa kubana kwa joto, kisha jaza gundi ngumu ya vikopo viwili ili kitu chote kiwe jiwe moja. Waya usizidi sentimita 15. Ifunge kwenye bodi, mbali na ekzosti, kwa sababu kapasita nyingi za aina hii zimepimwa kwa joto la nyuzi 85 tu na kando ya ekzosti zitayeyuka ndani. Ile kondensa ya zamani iliyo ndani ya distribuita itoe kabisa. Zikibaki mbili, maikrofaradi zinajumlishana na kupita kiasi.

Mtajuaje kiasi kimekaa sawa? Kontakti zenyewe zitawaambia, na hili ni jambo ambalo kila kijana wa gereji anapaswa kulitazama kwa macho yake. Baada ya kilomita elfu moja hivi zifungue mzitazame kwenye mwanga. Kontakti zenye afya zina rangi ya kijivu kama ya chuma kisichong'aa. Kama moja imechimbika kishimo na nyingine imeota kichuguu, chuma kimehama. Kwenye gari la hasi kwenye bodi, ile kontakti isiyosogea, iliyofungwa kwenye sahani, ndiyo ya hasi. Ikiwa kishimo kiko kwa hiyo ya hasi, maikrofaradi ni chache. Ikiwa kishimo kiko kwa ile inayosogea, maikrofaradi zimezidi. Hivi ndivyo kondensa ya gari lingine inavyopimwa bila kuwa na kitabu chake.

Kontakti zenyewe zinaweza kuazimwa kutoka gari lingine ilimradi vipimo vinne vikubaliane. Tundu la kuingilia kwenye kipini chake lisilegee. Kisigino, ule mguu wa plastiki au faiba unaosukumwa na kemu, kiguse kemu kwa upana wake wote, si kwa ukingo. Nyuso mbili zikutane sawasawa, mkikunja ile isiyosogea, kamwe msikunje mkono wenye springi. Na springi iwe na nguvu inayofaa: distribuita za Lucas zinataka gramu 510 hadi 680 hivi, mnapima kwa mizani ndogo ya kuning'iniza mkiivuta mpaka kontakti ziachane. Springi laini inafanya kontakti zirukeruke injini ikienda kasi. Springi ngumu inakula kisigino.

Mwanya unategemea distribuita, si gari. Lucas 25D4 ni milimita 0.35 hadi 0.40. Bosch ya Beetle ni 0.40. Hitachi ya Datsun 1200 ni 0.45 hadi 0.55. Mkiweka kontakti za kuazima kwenye distribuita ya Hitachi, mwanya unaofuatwa ni wa Hitachi, kwa sababu umbo la kemu ndilo linaloamua. Kama mna kipimo cha dweli, yaani digrii ambazo kontakti zinabaki zimefungana, kiaminini kuliko fila, hasa kontakti zikiwa zimeshatumika na zina kichuguu. 25D4 inataka karibu 60, Datsun 49 hadi 55.

Halafu kuna grisi. Kontakti mpya bila grisi kwenye kemu zinakula kisigino haraka, mwanya unafunga, na taimingi inachelewa. Dweli ikiongezeka digrii moja, taimingi inachelewa karibu digrii moja kwenye krenki, yaani shafti kuu ya injini. Kwa hiyo gari linalopoteza nguvu kidogo kidogo baada ya kubadilishiwa kontakti, kwanza fungueni mkatazame mwanya. Grisi iwe ya kuvumilia joto, kiasi cha kichwa cha kiberiti, ikizidi inarushwa kwenye nyuso za kontakti na kuziunguza. Na taimingi inawekwa baada ya mwanya, kila mara, haiwekwi kabla.

Rota, kile kidole kinachozunguka juu ya shafti ya distribuita kupeleka cheche, ni kitu kidogo kilichopoteza safari nyingi. Rota nyingi mbadala zina pini ya chuma, riveti, iliyopitishwa kwenye plastiki ili kushika kipande cha shaba. Plastiki ikiwa duni au nyembamba chini ya riveti, cheche haiendi kwenye plagi, inatoboa rota na kuingia kwenye shafti. Gari linazima kabisa, na kila kitu kinapimika kizuri. Kuna jaribio la dakika mbili. Toa kifuniko, acha rota mahali pake. Chomoa waya mkubwa wa koili kwenye kifuniko, uushike kwa koleo yenye mpira mzuri, ncha yake iwe milimita chache juu ya shaba ya katikati ya rota. Mwenzako apige stata. Cheche ikiruka mfululizo kwenda kwenye rota, ina maana rota inavujisha umeme kwenda chini, itupe. Isiporuka, au ikiruka mara moja tu hafifu, rota ni nzima. Tunasema koleo yenye mpira kwa sababu koili nzima inatoa volti zaidi ya elfu kumi, na mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asisogee kabisa kwenye kazi hii.

Mkiazima rota, angalieni na urefu wake. Iwe haigusi kifuniko, na mwanya kati ya ncha yake na vishikizo vya kifuniko uwe karibu nusu milimita hadi milimita moja. Kaboni ya katikati ya kifuniko nayo isukumwe na springi yake mpaka iguse shaba. Kifuniko chenye mstari mwembamba mweusi ndani, kama umechorwa kwa penseli, kimekwisha. Kukikwarua kwa msasa kunasaidia mpaka mvua ya kwanza ya Aprili.

Kabla hamjabadilisha chochote tena, shikeni shafti ya distribuita muitikise kwa pembeni. Magari haya yamekunywa vumbi la barabara zetu miaka 40 na zaidi, na bushi zimelika. Pimeni mwanya wa kontakti kwenye ncha zote nne za kemu. Zikitofautiana zaidi ya milimita 0.05, hakuna kontakti wala kondensa itakayotuliza injini hiyo, kwa sababu kila silinda inapata cheche kwa wakati usiolingana na wenzake. Dawa ni kwa fundi wa leithi. Kipande cha bronzi ya fosfa, tundu lizidi unene wa shafti kwa milimita 0.02 au 0.03 tu, bushi ilowekwe kwenye oili ya injini usiku kucha kama ni ile yenye vitundu vya kunyonya. Toboa tundu la oili. Wachongaji wa Nairobi wanaiweza kazi hii vizuri sana, mradi uwapelekee shafti yenyewe, si kipimo cha kukisia.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo wengi wameuliza: kuhamia kielektroniki. Ziko njia tatu, na si sawa.

Njia ya kwanza ni kale kamoduli kadogo kenye pete ya sumaku kanakoingia mahali pa kontakti. Ni rahisi, waya mbili tu, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi ya koili. Waya mwekundu uchukue volti kamili, kabla ya rezista kama ipo. Omu za koili zifuate maandishi ya moduli, nyingi zinataka 3 kwa silinda nne. Ukigeuza waya inakufa papo hapo. Ukiacha ufunguo umewashwa injini ikiwa imezima, inakufa polepole. Na ikifa huko Mtito Andei hakuna wa kuitengeneza, kwa hiyo sahani ya kontakti yenye mwanya uliokwisha kuwekwa na kondensa yake zibaki kwenye buti.

Njia ya pili ndiyo tunayoipenda zaidi: kuhamisha distribuita nzima ya kielektroniki kutoka kwa ndugu wa injini hiyo hiyo. Mwenye Datsun 1200 yenye injini ya A12 atafute distribuita ya baadhi ya injini za A14 au A15 za mwisho wa miaka ya 1970 na kuendelea, ile yenye kisanduku cheusi kidogo ubavuni chenye ncha mbili tu. B inapata volti 12, C inakwenda kwenye hasi ya koili. Mwenye Corolla ya injini ya 3K atafute kwenye familia hiyo hiyo ya K, 4K au 5K. Hapa unapata springi, uzito na kifuniko vilivyobuniwa pamoja, na spea zake bado ziko kwenye yadi za magari yaliyovunjwa. Koili unabadilisha nayo, ya omu 0.8 hadi 1.5, na rezista inaondoka.

Njia ya tatu ni kuunganisha vyanzo viwili: distribuita yenye kipokezi cha sumaku kutoka gari moja, na moduli ya General Motors yenye ncha nne kutoka jingine. Ncha W na G zinakwenda kwenye kipokezi, B kwenye chanya, C kwenye hasi ya koili, na bamba la chini la moduli ndilo mguso wake wa bodi. Inafanya kazi kwa nguvu nyingi, lakini ina mambo mawili yanayoiua au kuichanganya. Moja ni joto: lazima ikae juu ya kipande cha alumini chenye mapezi, na katikati kuwe na krimu nyeupe ya kupitisha joto, kama ile wanayopaka mafundi wa kompyuta. Bila krimu itazima injini ikipata moto, na utaanza kusaka kondensa ambayo huna. Pili ni kubadilishana W na G. Injini inawaka, lakini taimingi inacheza na haikai popote. Mkiona hivyo, geuzeni hizo waya mbili kabla ya kufanya lolote jingine.

Mtu akitaka kuingiza distribuita ya injini tofauti kabisa, kwanza aangalie inazunguka upande gani. Ikiwa inazunguka kinyume na ile ya kwanza, aiache, uzito wake wa kuwahisha cheche utafanya kazi kinyume. Kisha asome digrii zilizogongwa kwenye sehemu ya kemu. Nyingi za Lucas zimegongwa namba, tuseme 12, maana yake ni digrii 12 za distribuita, ambazo ni 24 za krenki. Ukianza na taimingi ya digrii 10, mwisho wake ni 34, na kwa injini nyingi za zamani hiyo imevuka. Tunataka jumla ya 28 hadi 32 kwenye Beetle, na karibu hapo kwa nyingi za silinda nne, bomba la kunyonya, lile linalowahisha cheche kwa mvuto wa hewa ya injini, likiwa limetolewa na injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika.

Puli isiyo na alama isiwazuie. Pima kipenyo chake, zidisha kwa 3.14, gawanya kwa 360. Puli ya milimita 140 inatoa milimita 1.22 kwa kila digrii: digrii 10 ni milimita 12.2, digrii 30 ni milimita 36.6. Kata utepe wa karatasi, chora, gandisha kuanzia alama ya sifuri, kisha piga mistari kwa rangi nyeupe.

Na kila mkibadilisha sahani au moduli, hakikisheni rota inaelekea kwenye kishikizo wakati cheche inapopigwa. Chukueni kifuniko cha kutupa, mtoboe tundu la milimita 10 kando ya kishikizo namba moja, mkifunge, mmulike kwa taa ya taimingi injini ikiwaka, kwanza bila kunyonya na baadaye mkinyonya bomba kwa mdomo. Ncha ya rota ibaki mbele ya kishikizo muda wote. Ikiwa iko katikati ya viwili, cheche itakwenda kwa jirani, na injini itapiga kelele kwenye kabureta hata kama namba zote ni sahihi.

Sisi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, silinda hazijai kama zinavyojaa pwani, na moto unawaka taratibu. Kwa hiyo injini nyingi za zamani zinafurahia digrii 2 au 3 zaidi ya kitabu hapa Nairobi. Lakini anayeshuka Mombasa azirudishe. Injini iliyowahishwa hapa itaanza kugonga ikibeba mzigo kule chini, na kugonga huko kunatoboa pistoni.

Kwenye plagi tutapita haraka, ila urefu wa uzi haupitwi. B6HS ina uzi wa milimita 12.7, BP6ES ina 19. Ukiweka ya 19 kwenye kichwa cha Beetle kinachotaka 12.7, ncha inaingia ndani ya chumba cha moto na inaweza kugongwa na pistoni. Namba ya joto nayo ni kinyume kati ya makampuni: kwa NGK namba ndogo ni plagi ya moto zaidi, kwa Champion namba kubwa ndiyo ya moto zaidi. Nyaya za shaba tupu zinafaa kwenye kontakti, lakini kwenye moduli weka zenye ukinzani, au vifuniko vya plagi vya omu 5,000, la sivyo kelele za umeme zinarudi na kuichanganya.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati, endesheni, andikeni kwenye daftari omu, maikrofaradi, dweli na digrii, pamoja na tarehe. Gari lililobadilishiwa koili, kondensa na rota siku moja likizima, hakuna anayejua ni kipi kilichozima.

Pale mezani nyuma kuna distribuita tatu zilizofunguliwa, Lucas, Bosch na Hitachi, mita mbili, na mfuko wa kapasita za 224J. Walioleta kondensa mfukoni watangulie, tuzipime zikiwa baridi kwanza, kisha tuziweke juu ya sufuria ya maji moto na kuzipima tena. Wenye kontakti zilizotumika wazisogeze kwenye taa, tutazame kishimo kiko upande gani.